Mguu Ulipokuwa Bado Laini

Wiki iliyopita mwanangu alirudi shuleni na kazi ya nyumbani: tunga sentensi tano ukitumia neno "laini". Yuko darasa la tatu. Alikaa kwenye kigoda jikoni, daftari mapajani, akanisomea alizokwisha kuandika. Mkate ni laini. Pamba ni laini. Godoro la mwalimu ni laini. Nikamuuliza godoro la mwalimu amelijulia wapi, akacheka, akasema mwalimu mwenyewe kawaambia, kalinunua juzi na anajisifu darasa zima.

Zilibaki mbili.

"Mama, kitu gani kingine laini?"

Nikamwambia akaniletee maji. Ndoo ilikuwa imejaa na yeye aliiona imejaa. Akaenda hivyo hivyo, kiatu cha kushoto kinalala upande, kinakwaruza sakafu, kwaru, kwaru, mpaka mlangoni. Nilimtuma kwa sababu sikutaka aone uso wangu. Neno hilo likitajwa mbele yangu, mimi hutamani kumzaba mtu kibao, na wa kuzabwa simpati, maana mmojawapo ni mimi.

Basi nitaandika hapa jibu ambalo sikumpa.

Nilikua Maisaka, hapa Babati, kwa wazazi Warangi waliohama Kondoa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na neno lake la Kirangi kwa kitu laini, na mimi nilimsikia akilisema kwa vitu viwili tu: ndizi iliyoiva na kiazi kilichochemka. Kwake ulaini ulikuwa kitu cha kusubiri. Hukisumbui kiazi, unakiwekea moto na kukiacha. Shuleni nikaja kufundishwa Kiingereza. Mwalimu wetu wa kidato cha kwanza alikuwa anapita katikati ya madawati na fimbo, anasema "soft", darasa zima linajibu "hard", na anayechelewa ananyoosha kiganja. Kwa hiyo Kiingereza cha neno laini mimi nilikipata kwa fimbo, na mpaka leo nikiliona limeandikwa kwenye pakiti ya sabuni kiganja kinakumbuka.

Kiswahili ndicho nilichokiamini. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili kuliko sufuria nilizonazo jikoni. Kuna laini na kuna ororo. Nyama ikiiva sana ni teketeke. Udongo uliolimwa vizuri ni tifutifu, na mtu asiye na nguvu ni tepetepe. Nilipata alama nzuri za Kiswahili kidato cha nne. Nilidhani mtu mwenye maneno mengi namna hiyo hawezi kudanganywa na jambo lenyewe.

Nilimaliza shule, na kabla matokeo hayajatoka nikawa mjamzito. Mume wangu alikuwa saidia fundi. Ndiyo miaka ile mkoa ulipokuwa mpya, tumetoka kukatwa kutoka mkoa wa Arusha, na Babati kila unakogeuka kunachimbwa msingi: ofisi hii, nyumba ya mkubwa yule. Vijana walipata kazi, na kwa kazi hiyo akanichukua, akanipeleka nyumbani kwao Nangara, kwenye kiwanja kimoja na mama yake. Mama mkwe wangu ni Mgorowa, mama wa watoto tisa, mkulima. Ana mikono mipana kama ya mwanaume. Kiswahili anakiongea kwa kukiburuza, lakini anakiongea. Siku ya kwanza nilimpigia shikamoo nikiwa nimeangalia chini, akaitikia marahaba, halafu akaninyanyua kidevu kwa kidole kimoja anitazame. Sikumchukia. Niseme hilo mapema, maana mtu akisoma haya atatafuta mchawi, na mchawi hayumo.

Nilijifungua hospitali, mtoto wa kike. Nesi aliyemfuta alikuwa mama mmoja mnene wa upande wa Moshi, mwenye sauti ya kuamrisha. Alimgeuza, kisha akaniletea karibu na uso wangu mguu wa kushoto. Unyayo haukuwa unatazama chini. Ulikuwa unatazama mguu mwenzake, kama watu wawili wanaonong'onezana.

"Dada, unaona? Huu ni mguu kifundo. Usilie, unatibika. Wapo wataalamu wanaufunga plasta, wanaunyoosha kidogo kidogo kila wiki. Lakini uende sasa. Wiki hii au ijayo. Mifupa yake bado laini."

Nikamuuliza, "Ikiacha kuwa laini?"

"Basi tena," akasema. Akaniandikia kwenye karatasi jina la hospitali na siku ya kliniki. Ilikuwa safari ya basi, kwenda na kurudi siku moja.

Kwa yule nesi, ulaini ulikuwa kitu kinachoondoka. Ni kama saa za ofisi. Unawahi au umefungiwa nje. Sikuwahi kulisikia neno likitumika hivyo, na laiti ningelishika siku ile kama alivyolisema, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Nilifika nyumbani na karatasi yangu. Mama mkwe alikuwa uani, amekaa chini, miguu ameinyoosha, ngozi ya ndama mapajani. Kwao, mtoto wa kwanza wa mwanao unamlainishia ngozi ya kumbebea. Bibi anailainisha mwenyewe, kwa mikono yake, hampi mtu mwingine. Alikuwa ameianza mimba yangu ilipoonekana. Ngozi ikitoka kukauka juani ni ngumu kama bati. Ukiikunja inalia, kra, kra. Anaipaka siagi. Anaisugua, anaiviringisha, anaikanyaga kwa kisigino, anaivuta juu ya goti huku na huku. Kesho tena. Kila siku anapomaliza anaikunja karibu na sikio lake na kusikiliza. Siku ngozi inapokunjwa na isitoe sauti, imekwisha. Kuna neno lao kwa hali hiyo. Sitaliandika, kwa sababu lina sauti ya kooni ambayo alfabeti niliyofundishwa haina herufi yake, na kwa sababu sitaki kulikosea. Ndilo neno lao la laini, au ndivyo nilivyolielewa mimi niliyekuja. Kitu ni laini kikishaacha kulia.

Aliweka ngozi pembeni, akampokea mjukuu. Akamfungua khanga, akaona mguu. Nilijiandaa kwa matusi: kwenu kuna nini, umekula nini, umemcheka nani. Akacheka yeye, tena kicheko cha upole.

"Huyu alilala vibaya kwa tumbo. Hii mguu nitanyoosha."

Nikamsomea karatasi ya nesi.

"Plasta ya nini? Kufunga mtoto wa siku tatu kwa simenti?" Akaonyesha ngozi kwa kidevu. "Ile ilikuwa kama bati. Angalia sasa. Mguu hii itanishinda?"

"Nesi kasema twende wiki hii, mama."

"Wewe mzazi. Unaenda wapi?"

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya nyumba ile: mwenye uzazi wa kwanza hatoki nje ya ua mpaka miezi miwili ipite. Chakula unaletewa, kuni unaletewa, hufui. Mwanzoni niliona raha. Nikangoja mume wangu arudi kazini, nikampa karatasi. Alikuwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Akaisoma akiwa amesimama.

"Mama anasemaje?"

"Anasema atamkanda."

"Sasa?"

"Nesi kasema plasta."

"Mama mtoto, nesi kazaa wangapi? Mama kazaa tisa, wote wanatembea, mmoja yupo jeshini. Wewe una wangapi? Huyu wa siku tatu." Akacheka. "Usiwe laini hivyo. Mtu akikusemesha Kiswahili cha hospitali tu, unalegea."

Hapo ndipo nilipolegea. Alinitukana kuwa laini kwa nesi, nami ili nisionekane laini nikalainika kwake. Nikaikunja karatasi, nikaiweka ndani ya Agano Jipya nililopewa na rafiki yangu wa shule, mahali ambapo nilijua hakuna mtu wa nyumba ile atakayefungua, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kila asubuhi, mtoto akishaoga, mama mkwe alimlaza mapajani, juu ya ile ngozi. Alichovya vidole kwenye siagi. Alianza na kiganja kumkanda mgongo, akashuka mapaja, akafika kwenye mguu. Aliushika kisigino kwa mkono mmoja, na wa pili akausukuma unyayo polepole utazame kule unakotakiwa. Wiki ya kwanza mtoto alilia mpaka akawa mwekundu. Mimi nililia naye, ndani, nimeuma khanga. Wiki ya tatu alilalamika kidogo. Wiki ya sita hakulia. Mama mkwe aliukunja mguu karibu na sikio lake, jinsi anavyofanya na ngozi, akatabasamu, akalisema lile neno lao.

"Umesikia? Kimya."

Sitadanganya hapa. Nilifurahi. Mguu kweli ulikuwa unanyooka mkononi mwake. Ukiushika unanyooka, ukiuachia unarudi, lakini unarudi kidogo, au niliona unarudi kidogo kwa kuwa nilitaka. Nikamwomba anifundishe. Nikajifunza kuchovya vidole viwili tu, kisigino kikae wapi, dole gumba lisukume wapi. Hakuna kitu kimewahi kukaa vizuri mikononi mwangu kama mguu ule wenye harufu ya siagi. Mtoto alikuwa ananitazama usoni, ametulia, na mimi nakanda. Watu wanadhani nimemkasirikia mkwe wangu kwa sababu alinilazimisha. Hakunilazimisha. Nilikanda mwenyewe miezi na miezi, na nilipenda.

Mwezi wa tatu nikampeleka mtoto kliniki ya kawaida, kupima uzito na chanjo. Nilijua yule nesi anaweza kuwepo. Kabla ya kutoka nilimvalisha mtoto soksi nene za sufu, zile za kufumwa, na jua lilikuwa kali hadi wanawake wamejifunika vichwa kwa madaftari. Kwenye mizani wanamtia mtoto ndani ya kile kisuruali kinachoning'inia. Mwenzangu mmoja kwenye benchi akaniuliza, "Shoga, unampika mtoto?" Wakacheka benchi zima. Nikacheka nao. Nesi aliyekuwa zamu hakuwa yule, alikuwa binti mdogo, akaandika uzito, akasema mtoto anaendelea vizuri. Soksi hazikuvuliwa.

Nimewasamehe watu wengi katika maisha haya. Aliyemvalisha zile soksi bado.

Ngozi ilikwisha kabla mtoto hajaanza kukaa. Ilikuwa nzuri, rangi ya chai ya maziwa, na ukiikunja unasikia pumzi yako tu. Mama mkwe akanifunga nayo mtoto mgongoni mbele ya majirani, wakashangilia. Nilitembea nayo mpaka sokoni kwa majivuno.

Halafu mtoto akasimama. Alikuwa na mwaka na miezi. Alishika kigoda hiki hiki anachokalia leo, akajivuta, akasimama, na mguu wa kushoto ukalala. Alisimama juu ya ubavu wa mguu. Unyayo haukugusa chini hata kidogo. Alicheka, akapiga kigoda kwa viganja, anataka tumpigie makofi. Mama mkwe akampigia makofi. Mimi niliingia ndani, nikafungua Agano Jipya.

Sikumuaga mtu. Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, ngozi nikaiacha, nikapanda basi. Daktari alikuwa mzee mwembamba, mpole, na upole wake uliniuma kuliko angenipiga. Aliushika mguu, akaukunja, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma barua ya msiba.

"Alizaliwa nao?"

"Ndiyo."

"Hawakukuambia?"

"Waliniambia."

"Sasa mama, kwa nini hukuja?"

Nilikuwa na maneno yote yale ya Kiswahili. Sikupata hata moja.

Akanieleza bila kunigombeza. Angekuja na wiki mbili, plasta tano au sita zingetosha, leo angekuwa anakimbia. Kukanda kulifanya nyama zikubali, mifupa ikaendelea kukomaa vile vile ilivyopinda. Sasa itakuwa kazi. Mguu hautakuwa kama ambavyo ungekuwa, lakini tukifuata masharti utakaa chini, atavaa viatu kama watu. Nikasema tutafuata. Nilisema kwa sauti kubwa hadi mtu wa chumba cha pili akachungulia.

Tulifuata. Kila wiki basi, kila wiki plasta mpya, ile ambayo mtaani wanaiita hogo, kutoka kwenye vidole hadi pajani. Mume wangu alinuna, kisha akazoea, kisha siku moja akanisindikiza hadi stendi amembeba mtoto mwenyewe. Walimkata kidogo nyuma ya kisigino, wakamfunga tena. Plasta ya mwisho ilipotolewa, nilimsimamisha juu ya meza ya daktari na unyayo ukagusa meza. Wote. Niliingiza ukucha wangu chini yake kuhakikisha, haukuingia.

Ndipo tukapewa viatu. Ni viatu viwili vilivyofungwa kwenye fito moja ya chuma, miguu imetawanyika, inatazama nje. Daktari akasema: miezi mitatu, mchana na usiku, unavua saa moja tu ya kuoga. Ukivua zaidi ya hapo, mguu utarudi. Akarudia. "Utarudi, mama." Nikamwambia nimesikia.

Mtoto alivichukia. Alilia vile viatu kama anavyoliliwa maiti. Alikuwa ameanza kujua kutembea na sasa amefungwa tena, anaburuta chuma sakafuni, anajigonga. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kuuza nyanya na vitunguu kwenye meza barabarani, karibu na soko, maana nauli za basi zilikuwa zimetuchosha. Asubuhi namwacha na bibi yake, mchana narudi. Wiki ya kwanza nikirudi nasikia kilio tangu kwenye kona. Wiki ya pili nikarudi, nyumba kimya. Nikamshukuru Mungu, nikajua amezoea.

Mnaona? Hata mimi nilikwisha kufundishwa kusikiliza hivyo. Kimya, basi imelainika.

Siku moja nyanya ziliisha mapema, nikarudi kabla ya mchana. Mama mkwe alikuwa uani, mtoto amelala mapajani mwake juu ya ile ngozi, miguu mitupu, inang'aa siagi. Viatu vilikuwa vimening'inizwa kwa fito yao kwenye kamba ya nguo.

Alimvalisha tena kila siku karibu na saa yangu ya kurudi. Aliniambia mwenyewe, hakuwa mtu wa kuficha akishaulizwa. Wiki tatu nzima.

"Mama, umefanya nini?"

"Analia."

"Si alie!"

"Analia mpaka anatapika. Wewe huko sokoni, mimi ndiyo nasikia."

"Daktari kasema mguu utarudi!"

"Daktari hajasikia yeye akilia." Akamshika mtoto kifuani. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Wewe binti, huna roho laini hata kidogo? Hii ni mtoto yako."

Nilipiga kelele. Sijui yote niliyosema. Nilimwambia mwanangu si ngozi ya ndama. Nilimwambia ndama alikwisha kufa ndiyo maana alinyamaza. Majirani walitoka. Mmoja, mama mtu mzima anayeuza mkaa, akasema nisikie: "Hawa wasichana wa sekondari, mioyo mawe." Na mtoto, aliyeamshwa na kelele zangu, akanikimbia mimi. Alijificha kwa bibi yake.

Nilimnyang'anya, nikamvalisha viatu, nikafunga kamba zake huku ananiuma mkono. Sikwenda sokoni mwezi mzima. Alilia, nikamwacha alie. Nilikaa naye sakafuni tunatazamana, yeye analia na mimi nimekaa. Wakasema nina roho ya chuma. Mume wangu akasema, "Mama mtoto, siku hizi umekuwa mgumu sana, hata kukusogelea mtu anaogopa." Nikamwambia aogope.

Tuliporudi kwa daktari, mguu ulikuwa umerudi. Si wote. Nusu ya njia. Walifunga tena plasta, ukaja kidogo, ukakataa. Akasema upasuaji mwingine unaweza kufanyika akikua, mifupa ikishatulia, na matokeo hawezi kuahidi. Hapo ndipo tulipo. Anatembea. Anaenda shule kwa miguu yake, hachelewi. Ubavu wa mguu una sugu kubwa kama jicho, na kiatu cha kushoto hakimalizi muhula.

Mwaka jana sugu ilipasuka, ikatoa damu. Fundi viatu akaniambia, "Dada, tafuta kitu laini, nikishonee kwa ndani." Nilifikiria sponji, nikafikiria sweta kuukuu. Kisha nikaenda kwenye sanduku nikatoa ile ngozi. Niliipeleka nzima kwa fundi, ikakatwa mbele ya macho yangu. Fundi aliipapasa na kusema hajapata kushika kitu kama hicho, nani kaitengeneza? Nikamwambia kata tu.

Mama mkwe aliona kiatu siku hiyo hiyo. Aliingiza vidole ndani, akajua. Nilisimama mlangoni nikimsubiri aseme, nilikuwa na majibu ya miaka tayari mdomoni. Hakusema. Baada ya siku chache nikamwona uani, amekaa chini, amenyoosha miguu ambayo siku hizi haikunjiki vizuri, na ngozi mpya mapajani, ngumu kama bati. Ananyoosha, anapaka, anasikiliza. Ndiyo anayoifanya mpaka sasa, kila kiatu kipya kipande kipya. Kikiwa tayari ananiwekea juu ya meza ya jikoni, namwambia asante mama, anasema haya. Huo ndio mwisho wa mazungumzo yetu juu ya jambo hili. Sijui kama ni msamaha anaoomba au ni kazi tu anayoijua. Nimechoka kuwa mtu wa kuamua.

Mwanangu alirudi na maji yale tusiyoyahitaji, akakaa tena kwenye kigoda. Alikuwa amefikiria njiani. Akainama, akaandika, ulimi nje kama kawaida yake, akanisomea.

"Ya nne. Kiatu changu cha kushoto ni laini ndani."

"Haya."

"Ya tano." Akanitazama kwanza. "Mama yangu si laini."

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Na baba. Na mama wa mkaa. Nifute?"

"Usifute."

Nikamwambia alete mguu nimpake mafuta, sugu ilikuwa imekauka na kuanza kupasuka tena. Akavua kiatu, akauweka mapajani mwangu. Niliupaka. Dole gumba lilienda lenyewe mahali pale nilipofundishwa, nikausukuma unyayo utazame kule unakotakiwa. Haukwenda popote. Ulikuwa mgumu kama mpini. Nikasukuma zaidi, sijui kwa nini, miaka yote hii bado nasukuma. Mtoto alikuwa kimya. Nilipomtazama usoni nikaona amekaza taya na macho yamejaa maji.

"Unauma?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Mbona husemi?"

Akainua mabega.

"Sema."

"Unauma," akanong'ona.

"Nani atasikia hiyo? Sema kwa nguvu."

"Unauma!"

Nikauachia. Uani, mama mkwe alikuwa ameinua ile ngozi karibu na sikio lake. Aliishusha mapajani, akageuka, akatazama mlango wa jikoni.

"Tena," nikamwambia mwanangu.